Kuanza Upya au Kurudi Ulipoachia: Gemu Mbili Ndani ya Familia Moja

Novemba iliyopita nilimkatia mdogo wangu gemu. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, viatu bado viko miguuni, nikafungua simu na kusitisha malipo ya uanachama niliokuwa nikimlipia kila mwezi. Yeye yuko Tanga, mimi niko kaskazini mwa Uingereza, na kosa lake halikuhusu gemu hata kidogo. Lilihusu bati. Nilituma pesa ya kuezeka upya chumba cha mama, sehemu yake ikaenda kulipa deni la bodaboda, mvua za vuli zikamkuta mama na ndoo mbili katikati ya chumba. Ukiwa mbali hivi huwezi kwenda ukasimama mlangoni kwa mtu ukamwuliza. Nilichokuwa nacho ni kile kitufe, nikakibonyeza.

Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba ninapolinganisha gemu mbili hapa chini, mimi si refa. Nina ndugu upande mmoja na binti upande wa pili.

Gemu ya mdogo wangu ni Old School RuneScape. Ya binti yangu wa miaka 14 ni Guild Wars 2. Mimi nacheza zote mbili, kwa zamu kama ninavyofanya kila kitu. Zote ni za aina ile ambayo unaunda mhusika, unampa jina, kisha unamkuza kidogo kidogo katika dunia iliyojaa watu wengine halisi walioketi mbele ya skrini zao. Wazazi wenzangu wa hapa huniuliza, hasa wakati watoto wanapoanza kuomba zawadi: ipi haichoshi? Ipi nikimruhusu leo, mwakani bado atakuwa anaicheza, isiwe kama ile baiskeli iliyooza gereji?

Nimelifikiria swali hilo sana, na naona ni maswali mawili yaliyovaa nguo moja. Kuna gemu ambayo utamu wake ni kuianza upya, ukawa mtu mwingine kabisa. Na kuna gemu ambayo utamu wake ni kuirudia pale pale ulipoiacha, hata kama umeiacha mwaka mzima. Watu husema "inarudiwa" kwa zote mbili, lakini hayo ni mambo mawili tofauti, na sisi tunaoishi kwa ratiba za zamu na safari tunapaswa kujua tunataka lipi.

Nianze na ile ya zamani. RuneScape ilitoka mwaka 2001, ikiwa kazi ya Andrew Gower na ndugu yake Paul, na kampuni waliyoianzisha ya Jagex iko Cambridge. Mimi niliikuta mwaka 2007 katika intaneti kafe mjini Tanga, tukilipia kwa saa. Ilichezwa ndani ya kivinjari, hukuhitaji kupakua kitu, kwa hiyo hata kompyuta chovu za pale kafe ziliiweza. Mdogo wangu alikuwa na miaka 7. Nilimkalisha nusu kiti, kazi yake ikiwa kunionyesha mti wa kukata. Kisha nikaenda chuo cha uuguzi, diploma ikanimeza, nikaisahau.

Huku nyuma gemu ilibadilishwa sana. Mwishoni mwa 2012 mfumo wa mapigano uligeuzwa wote, wachezaji wengi wakaudhika na kuondoka. Februari 2013 kampuni ikawaulizа wachezaji kwa kura kama wanataka ile ya zamani irudishwe, na kwa bahati ilikuwapo nakala iliyohifadhiwa ya Agosti 2007. Ikafufuliwa hiyo, ikaitwa Old School. Dunia ilirudi ilivyokuwa, ila wahusika wetu wa zamani hawakurudi; kila mtu alianza tena na mikono mitupu. Tangu hapo nyongeza kubwa hupigiwa kura na wachezaji wenyewe, na haipiti mpaka wakubali kwa wingi mkubwa, asilimia 75 hapo mwanzo, baadaye ikashushwa hadi 70. Ndiyo maana ukirudi baada ya muda mrefu hukuti mji umebomolewa. Pale ulipopajua bado pako.

Sasa, kuianza upya hiyo gemu ni adhabu. Kila mhusika mpya hupita kisiwa kile kile cha mafunzo. Akitoka hapo anafika mji wa Lumbridge, na jikoni kwenye ngome kuna mpishi yule yule anayelia kwamba hana yai, maziwa wala unga wa keki ya bwana wake. Mara ya kwanza unacheka. Mara ya tatu unajua kuku yuko wapi, ng'ombe yuko wapi, kinu kiko wapi, na unatembea kama mtu anayepeleka fomu dirishani. Kisha inakuja ngazi ya ustadi. Kila kazi, uvuvi, upishi, ukataji miti, hupandishwa mpaka levo 99, na kufika huko kunahitaji pointi 13,034,431. Wachezaji wana utani wao kwamba 92 ndiyo nusu ya 99, na si utani, ni hesabu: ukifika levo 92 umekusanya takriban nusu ya pointi hizo.

Siku moja, wodini kumetulia, wagonjwa wote wamelala, nilipiga hesabu nyuma ya karatasi. Kambakoche mmoja hutoa pointi 90 za uvuvi. Unaruhusiwa kumvua kuanzia levo 40. Ukivua kambakoche tu, toka 40 mpaka 99, utahitaji zaidi ya 144,000. Mfuko wa mhusika una nafasi 28. Toa moja ya dema na moja ya nauli, zinabaki 26. Hizo ni safari zaidi ya 5,500 za kujaza mfuko. Nani ataanza jambo kama hilo mara mbili?

Lakini ndipo penye siri yake. Kwa kuwa kila levo imegharimu muda wa kweli, mhusika wako anakuwa kama kitabu cha akiba. Ukienda ukarudi, samaki wako wako benki, shoka lako liko benki, levo yako haijashuka. Na mikono haisahau, kwa sababu hakuna cha kusahau: unabonyeza mahali pa kuvua, mhusika anavua. Nilipopata nafasi ya kuja kusoma digrii huku niliiacha kwa miezi 14. Siku niliyoirudia nilichukua dakika kama 2 kukumbuka kila kitu. Nguo zangu za kazi zilinichukua muda mrefu zaidi kuzizoea baada ya likizo.

Tena tangu mwisho wa 2018 inachezwa kwenye simu, akaunti ile ile, mhusika yule yule. Hili kwa familia za ughaibuni ni kubwa kuliko yote niliyosema. Mdogo wangu hana kompyuta. Ana simu iliyopasuka kona, na bando. Anasema bando lake linamalizwa na TikTok, siyo gemu. Mimi kwenye kompyuta huku, yeye kwenye simu kule kijiweni akisubiri abiria, tunasimama ufuko mmoja.

Kuna njia ya kuianza upya isiyo adhabu, nayo ilikuja 2014. Unaunda mhusika anayekatazwa kununua wala kupokea chochote kwa mchezaji mwingine. Wanaiita Ironman. Ghafla dunia ile ile inageuka. Mchezaji wa kawaida akitaka chakula anakwenda sokoni, analipa, anaondoka. Huyu lazima avue mwenyewe, apike mwenyewe, na akiunguza ale hasara mwenyewe. Vitu ambavyo ulikuwa unavipita bila kuviangalia vinakuwa na thamani. Ukitaka kali zaidi, kuna aina ya maisha mamoja: ukifa, unapoteza cheo hicho. Na tangu 2021 kuna ya kikundi, watu 2 mpaka 5, wanaosaidiana wao kwa wao tu na dunia nzima iliyobaki hairuhusiwi kuwapa hata yai. Hiyo ya kikundi nitairudia.

Guild Wars 2 ni habari nyingine. Ilitoka Agosti 28, 2012, kutoka studio ya ArenaNet ya Marekani. Haina ada ya mwezi. Tangu 2015 sehemu ya msingi ni bure kabisa, ikiwa na mipaka kadhaa. Unalipa ukitaka nyongeza, unalipa mara moja, basi. Inahitaji kompyuta ya Windows na nafasi ya makumi ya gigabaiti, kwa hiyo Tanga kwetu imekwama mlangoni.

Binti yangu alikuja Uingereza ana miaka 9. Hakuwa na rafiki, na Kiingereza chake kilikuwa cha kitabuni. Alipofika 12 binamu yake wa Birmingham akamwonyesha hii gemu, na katika miaka miwili ameunda wahusika ambao siwezi kuwahesabu. Mwanzoni lilinikera. Nilimwona anafika levo 20, 25, kisha anamwacha yule mhusika na kuunda mwingine. Nikamwambia, kwa sauti ile ya wodini, kwamba mtu asiyemaliza jambo moja hamalizi kitu. Akanijibu kwa utulivu: "Mama, namaliza. Namaliza mwanzo."

Nilidhani ananichezea maneno. Nikakaa naye ili nimkamate, na huko nikakamatwa mimi.

Gemu ina jamii 5. Kuna binadamu, kuna charr, wanaofanana na paka wakubwa wenye pembe na wanaoishi kijeshi, kuna norn, majitu ya nchi ya theluji, kuna asura, wafupi wenye masikio makubwa na akili ya mashine, na kuna sylvari, watu-mimea waliozaliwa na mti. Kila jamii inaanzia nchi yake, na nchi hizo hazifanani hata kwa rangi ya anga. Binadamu anaamkia Queensdale, kwenye mashamba yanayovamiwa. Sylvari anaamkia msitu wa Caledon. Juu ya hapo kuna fani 9 ukihesabu ile inayokuja na nyongeza, na kila fani inapigana kwa namna yake. Anayechoma moto kwa fimbo hachezeki kama anayefuatana na mnyama wake.

Halafu inakuuliza maswali kabla hujaanza. Binadamu, kwa mfano, huulizwa amekulia wapi: mtaani, kwa watu wa kawaida, au kwa wenye vyeo. Kisha huulizwa anajutia nini. Majibu ni matatu: hakuwajua wazazi wake wa kweli, au mwili wa dada yake haukupatikana, au alikosa nafasi ya kuingia sarakasi. Unachochagua ndicho hadithi itakachokirudia. Binti yangu alishamaliza yote matatu, katika wahusika watatu. Siku nilipoketi naye alinigeukia: "Mama, wewe ungechagua kipi?" Nikasema sarakasi. Hakuniamini, na alikuwa sahihi kutoniamini.

Kwa hiyo kuianza upya hii gemu kunakupa kitu ambacho hukukiona mara ya kwanza. Si kazi ile ile kwa kofia tofauti. Nilipounda asura baada ya binadamu nilikuta maabara, majirani wabishi na ugomvi wa wanasayansi; sikukutana na shamba hata moja. Lakini lazima niseme pia upungufu wake, maana mashabiki hawausemi. Tofauti hizo zimerundikwa mwanzoni. Baadaye mhusika huchagua moja ya taasisi tatu za kujiunga nayo, na hapo bado kuna njia za kutofautiana; lakini ukivuka katikati ya safari, mito yote inaingia bahari moja, na vita vya mwisho dhidi ya joka Zhaitan ni vile vile kwa charr na kwa sylvari. Ukivipiga mara ya nne utapiga miayo. Binti yangu aliligundua hilo kabla yangu, ndiyo sababu anaishia levo 25. Anakula nyama, anaacha mfupa.

Kila mhusika akitimiza mwaka tangu aumbwe huletewa zawadi ya siku ya kuzaliwa kwenye sanduku lake la barua. Ya mwaka wa kwanza ina hati inayoweza kumrusha mhusika mwingine mpaka levo 20 moja kwa moja. Nilimwambia aitumie, aokoe muda. Alinitazama kama nimemwambia atupe chapati ale sahani.

Nampenda pia mtu aliyebuni jambo hili: katika Guild Wars 2 mhusika akizidiwa haendi moja kwa moja kaburini. Anaanguka chini, bado anajitetea, na mpita njia yeyote wa fani yoyote anaweza kuinama akamwinua. Haihitaji kuwa daktari wa kundi. Na anayeinua hupata pointi. Mimi siwezi kupita mtu aliyeanguka, hata mazimwi wawe wananiuma mgongoni, na mara nyingi tunaishia wawili chini. Binti yangu hucheka: "Mama uko kazini tena."

Jambo jingine, kwa mzazi na mtoto ni la maana sana: levo kubwa haikutengi na levo ndogo. Mhusika wangu wa levo 80 akiingia Queensdale kwenye mashamba ya wanaoanza, gemu inamshusha nguvu ilingane na mahali pale. Natembea na mhusika mpya wa binti yangu wa levo 6, tunapigana vita moja, na sote tunapata kitu. Kwenye kinamasi cha huko huko Queensdale hutokea jitu la kivuli kila baada ya saa 2, kwa ratiba. Tumelizoea kama dozi. Nikiwa na zamu ndefu yeye hulipiga saa 10 jioni, nikirudi tunalipiga tena pamoja kabla hajalala, dakika kumi na kitu, kisha simu na kompyuta zinazimwa.

Levo ya mwisho ilikuwa 80 mwaka 2012 na bado ni 80. Wanaojua gemu kama World of Warcraft wataelewa uzito wa hilo: kule ukomo ulikuwa 60 mwaka 2004, ukawa 70 mwaka 2007, ukawa 80 mwaka 2008, na kila ulipopanda, silaha uliyoihangaikia miezi iligeuka chuma chakavu. Hapa silaha yangu nzuri bado ni nzuri. Kwa hiyo kwenye karatasi Guild Wars 2 ingepaswa kushinda hata katika kurudi.

Haishindi. Nilikaa miezi 5 bila kuifungua, mwaka nilipokuwa naandika tasnifu yangu ya digrii. Nikaingia, nikakuta mfuko umejaa vitu nisivyovijua kazi yake, sarafu za aina aina, na vitufe kumi na zaidi chini ya skrini. Kitufe cha kukwepa kiko wapi? Kipi kinaponya? Mali yote ilikuwapo, mikono ndiyo iliyokuwa imeondoka. Nilikufa mbele ya kiumbe ambacho zamani nilikuwa nikikipiga huku nakunywa chai. Binti akanishauri nisihangaike na yule wa zamani. "Unda mpya, Mama. Atakufundisha." Na ni kweli, mhusika mpya hufunguliwa vitufe kimoja kimoja, na baada ya jioni tatu vidole vilikumbuka. Hivyo hata kurudi kwake ni kwa kuanza upya.

Kuhusu pesa nitapita haraka. Old School unaweza kuicheza bure, lakini sehemu kubwa ya dunia, na kazi nyingi, ziko upande wa wanachama wanaolipa kila mwezi, na uanachama ni wa mhusika mmoja mmoja. Guild Wars 2 haikudai kitu kila mwezi, ila ina duka la mapambo, na mtoto mwenye kadi ya mama ni hatari popote. Na jambo la kuwaambia vijana wetu walioko nyumbani: kuuza dhahabu ya gemu kwa pesa za kweli ni marufuku katika Old School, akaunti hufungwa. Vijana wengi wa Venezuela waliishi kwa kazi hiyo uchumi wao ulipoanguka, na habari hiyo imefika mpaka vijiweni kwetu. Mdogo wangu aliwahi kuniuliza kama inalipa. Nikamwambia inalipa mpaka siku unayoamka huna akaunti.

Ambapo narudi kwenye kile kitufe changu cha Novemba.

Ukisitisha malipo, uanachama haukatiki siku hiyo. Unaendelea mpaka muda uliolipiwa uishe. Kwa hiyo hasira yangu ilimfikia mdogo wangu wiki 2 baadaye, wakati mimi nimeshaanza kupoa. Hatukuwa tunazungumza. Mama alikuwa anapokea simu zangu na kusema "mdogo wako hajambo" kabla sijauliza. Nilijua kuwa uanachama umeisha kwa njia moja tu: kwenye orodha ya marafiki ndani ya gemu, nambari ya dunia aliyokuwamo ilibadilika. Alikuwa ameshuka kwenye zile za bure.

Uanachama ukiisha, vitu vyako vya kulipia havinyang'anywi, vinabaki benki, ila huvigusi. Sehemu za wanachama zinafungwa. Mdogo wangu alikuwa anavulia Catherby, pwani nzuri yenye benki karibu. Sasa Catherby ilikuwa imefungwa. Nikamwacha Desemba yote. Kila nilipoingia niliiona ile nambari, na sikusema kitu, naye hakusema kitu.

Januari, asubuhi moja baada ya zamu mbaya (mgonjwa wangu niliyemhudumia wiki tatu aliondoka alfajiri, na binti yake alikuwa bado njiani anakuja), sikuweza kulala. Saa 3 asubuhi kwangu, saa 6 mchana kwake. Nikaifuata ile nambari. Mwanachama anaruhusiwa kuingia dunia za bure. Nilidhani nitamkuta wapi? Kwa mvuvi asiye na uanachama kambakoche wako kisiwani Karamja, mahali panapoitwa Musa Point, ng'ambo ya bandari ya Port Sarim. Nauli ya meli sarafu 30. Kuna shamba la migomba, na gati fupi. Alikuwa amesimama mwisho wa gati, anashusha dema, anapandisha dema.

Nikachukua dema. Nikasimama pembeni yake, nikaanza kuvua.

Tulivua kama robo saa. Hapo ndipo ile gemu ya kuchosha inapoonyesha ilivyo: haikulazimishi kusema. Hakuna jitu la kuliwahi, hakuna dakika kumi zinazohesabika. Mifuko ikajaa. Mwishowe yakatokea maneno juu ya kichwa cha mhusika wake: "Dada hujalala?"

Nikaandika: "Nimetoka zamu."

"Nenda kalale."

"Chumba cha mama kinavuja bado?"

Hakujibu mpaka alipopata kambakoche wengine wawili. Kisha akaandika kwamba ameezeka upande wa kitanda kwa pesa ya bodaboda ya Desemba, upande wa mlango bado. Akaongeza kwamba angeniambia, lakini aliona nimemkata, akajua nimeshahukumu. Sikuwa na la kuandika. Nikabonyeza kumpa samaki wangu wote. Akakataa mara ya kwanza, nikabonyeza tena.

Wazazi wenzangu mnaouliza, nitawajibu kama nilivyo, si kama refa. Mtoto wako ana kompyuta, anapenda hadithi, anapenda kuwa leo huyu kesho yule, hasa kama ni mtoto aliyehamishwa nchi na bado anajaribu kuona yeye ni nani hapa: mpe Guild Wars 2, na usimsumbue akiishia levo 25. Unatafuta mahali pa kukaa na ndugu aliyeko nyumbani mwenye simu na bando la kawaida, na maisha yako ni ya kuondoka na kurudi: Old School RuneScape. Mfanyakazi wa usiku nimwonye tu kwamba ile kazi ya kuvua haina mahali pa kusimama, na usingizi wa mchana ukishapotea haurudi. Nina ushahidi machoni.

Nilimrudishia mdogo wangu uanachama mwezi wa Februari. Alisema hautaki kwa yule mhusika wa zamani. Anataka tuanze kikundi cha watu wawili, ile aina ya 2021, ambayo hakuna atakayetupa kitu isipokuwa mimi kumpa yeye na yeye kunipa mimi. Nilimkumbusha kisiwa cha mafunzo, nikamkumbusha kambakoche 144,000. Akasema anajua hesabu, alinisikia nikiilalamikia mwaka mzima. Nusu ya pili ya bati tunaijadili kwa simu, na mama anasikiliza kwa spika.

Jumamosi iliyopita tulitoka kisiwa cha mafunzo pamoja, mikono mitupu, tukaingia jikoni Lumbridge. Mpishi alikuwa analia vile vile. Mdogo wangu akasema yeye atakwenda kinuni kusaga unga.

"Dada, wewe kakamue ng'ombe."